Ziara za Watoto wa Skuli: Hukumu Yake, Pesa Zake na Mtoto Anayebaki Nyumbani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), Aali zake na Swahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Kila unapokaribia mwisho wa mwaka wa masomo, maswali ya wazee kuhusu ziara za skuli huwa mengi. Baba mmoja ameuliza kama inafaa kumruhusu binti yake wa darasa la sita avuke bahari, aende Bagamoyo na wenzake na kulala huko usiku mmoja. Mwengine, naye ni mjumbe wa kamati ya skuli, ameuliza kama pesa za ziara zilizobaki walimu wanaweza kugawana. Wa tatu ni mama mmoja ambaye kwa hakika hakuuliza hukumu. Ameeleza tu kwamba mwanawe wa darasa la tatu alibakishwa nyumbani siku ya ziara kwa kuwa hakulipa, na siku ya Jumatatu darasa zima likapewa insha ya kuandika kuhusu safari ya Jozani. Mama akasema: "Sheikh, wangu aandike nini?"

Maswali haya yanahusu jambo moja, kwa hiyo nimeona niyajibu pamoja.

Asili ya ziara ni kwamba inafaa, na hakuna haja ya kulitilia shaka hilo. Qur'ani imewahimiza watu pahala pengi watembee katika ardhi na wazingatie, kama katika Suratul-Ankabut aya ya 20 na Suratul-Hajj aya ya 46. Katika Suratul-Ghashiya tumetakiwa tumtazame ngamia alivyoumbwa, na mbingu, na milima, na ardhi. Mtoto wa Ng'ambo au Kikwajuni ambaye kima punju amemuona kwenye kitabu tu, akapelekwa Jozani akamuona juu ya mti, akaambiwa kuwa asili ya mnyama huyu ni kisiwa chetu hiki, kisha akapitishwa kwenye mikoko akaona mizizi inavyoshika tope ili bahari isile ardhi, huyo amefanya kile ambacho aya zinakihimiza. Mwalimu akimtajia jina la Muumba pale pale, somo limekamilika.

Na mchezo pia una nafasi yake. Mtume (S.A.W) alimfanyia utani mtoto mdogo, Abu Umair, ndugu yake Anas, kwa sababu ya kijindege alichokuwa akichezea. Aliwaacha Wahabeshi wacheze na mikuki yao msikitini siku ya Idi huku Bibi Aisha (r.a) akitazama. Imam Al-Ghazali katika Ihya ameeleza kuwa mtoto akitoka chuoni aachiwe acheze mchezo mzuri apumzike, kwani kumzuia mchezo na kumbana kwa masomo siku zote kunaufisha moyo wake na kumfanya atafute hila ya kuyakimbia masomo yenyewe. Maneno hayo yana zaidi ya miaka 900, na sisi walimu wa vyuo tungeyasoma kwa makini kabla ya kulalamika kuwa skuli inawachezesha watoto.

Malalamiko yetu yana haki mahala pamoja. Skuli nyingi zina mikondo miwili, na mtoto wa mkondo wa asubuhi jioni yake ni ya chuo. Klabu ya michezo, ya bustani, ya kuchora au mazoezi ya tamasha la Elimu Bila Malipo linalofanywa kila mwaka kuikumbuka tarehe 23 Septemba 1964, vyote hivyo vikipangwa saa tisa na nusu, mtoto hulazimika kuchagua kati ya mpira na juzuu yake. Dawa yake si fatwa. Mwalimu mkuu avuke barabara akazungumze na mwalimu wa chuo, wapange siku.

Nikirudi kwenye ziara, nianze na pesa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteleza bila kujua. Mzazi anapotoa shilingi 10,000 kwa ajili ya safari ya Jozani, pesa ile haijawa mali ya skuli wala ya mwalimu. Mwalimu ni wakala wake. Wakala hana ruhusa ya kuitumia mali isipokuwa kwa lile aliloagizwa, na kinachobaki kinarudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo mwenye gari akipunguza bei, punguzo ni la wazee. Kama walimu wanapanda na kula kwa pesa hizo, jambo hilo linafaa ikiwa wazee wameelezwa tangu mwanzo kuwa mchango umejumuisha nauli na chakula cha walimu watatu, kwa mfano. Kimya kimya haifai. Zikibaki shilingi 40,000 na kuzigawa kwa kila mzazi ni usumbufu, waulizwe, nao wengi watasema zitumike kwa jambo jengine la watoto. Kugawana walimu kwa kuwa wamechoka na safari ni kula amana, hata kama kila mmoja amepata elfu tano tu. Mwalimu akistahiki posho, iandikwe kwenye bajeti na ionekane.

Mtoto akiugua asubuhi ya safari je? Gari ilikwisha kukodiwa kwa hesabu yake, basi sehemu yake ya gari haidaiwi. Lakini kiingilio ambacho hakikulipwa na chakula ambacho hakikupikwa, pesa yake irudishwe.

Sasa nije kwa yule mama. Kuna tofauti kati ya matembezi na somo. Skuli ikiandaa matembezi ya burudani siku ya mapumziko, anayeweza alipe aende, asiyeweza asiende, hapo hakuna aliyedhulumiwa, ingawa busara bado inatakiwa. Lakini ziara ikifanywa siku ya masomo, ikaitwa ya kimasomo, na baadae ikaulizwa darasani, hiyo imekuwa sehemu ya mafunzo. Wakati ule wa asubuhi ni haki ya watoto wote 45 wa darasa lile, na mwalimu analipwa mshahara awafundishe wote. Kuwachukua waliolipa na kuwaacha wengine nyumbani, kisha kuwapa insha moja, ni kumtaka mtoto mikono mitupu alipe kwa aibu kile ambacho baba yake hakuweza kukilipa kwa pesa.

Naliona jambo hili lina asili katika Sunna. Mtume (S.A.W) amekataza watu wawili wanong'one wakiwa watatu, wamtenge wa tatu, na sababu ameitaja mwenyewe: kwa kuwa inamhuzunisha. Hadithi iko kwa Bukhari na Muslim. Ikiwa mnong'ono wa dakika moja kati ya watu wazima umekatazwa kwa ajili ya huzuni ya mmoja, vipi kuhusu wiki nzima ya darasa linalozungumza safari, mtoto wa miaka tisa akiwa amekaa katikati yao? Wanavyuoni wetu wa zamani walilizingatia. Muhammad bin Sahnun wa Qairawan, aliyefariki mwaka 256 Hijria, ambaye kitabu chake juu ya adabu za walimu ni katika vya mwanzo kabisa katika fani hii, ameweka mlango maalumu juu ya uadilifu baina ya watoto, wa maskini na wa tajiri.

Watu wa kamati watasema: "Sheikh, gari haiendi kwa hadithi, inakwenda kwa mafuta." Ni kweli, basi tufanye hesabu. Tuseme Kosta, kiingilio na chakula cha watoto 28 vinagharimu shilingi 280,000, yaani 10,000 kila mmoja, na watoto watano hawana. Pengo ni shilingi 50,000. Likigawiwa kwa 23 waliobaki halifiki 2,200 kwa kichwa. Wazee wengi watalitoa kwa moyo, sharti waambiwe. Kuwatoza 12,200 na kusema ndiyo gharama halisi ni uongo, na sadaka haichumwi kwa uongo. Waandikiwe kuwa gharama ni 10,000, na anayependa kumsaidia mtoto mwengine aongeze anachoweza. Na majina ya wanaosaidiwa yasisomwe kwenye mstari asubuhi. Allah (S.W) katika Suratul-Baqara aya ya 264 ametutahadharisha kuwa masimango na maudhi yanaibatilisha sadaka, na kwa mtoto hakuna udhia kama kutajwa mbele ya wenzake.

Zaka isikusanywe kwa ajili ya kukodi gari. Zaka ina watu wake, nao humilikishwa. Familia yenye kustahiki ikipewa zaka mkononi kisha yenyewe ikaamua kumlipia mtoto ziara, hilo ni lao. Mfuko wa ziara ujazwe kwa sadaka.

Na ikiwa pengo haliwezi kuzibwa, basi ibadilishwe ziara. Hapa nina maoni yangu. Skuli zetu zimeingia katika mashindano ya nani anakwenda mbali zaidi, hali ya kuwa skuli za mjini zina Mji Mkongwe mlangoni, mji ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO na wageni wanatoka Ulaya kuja kuutazama. Darasa zima linaweza kwenda kwa miguu likaona mnara wa msikiti wa Malindi ulio mviringo kama pia, likasimama Ngome Kongwe, likapita Forodhani likasimuliwa majahazi ya msimu wa kaskazi. Gharama yake ni maji ya kunywa. Skuli za Kusini wanao msikiti wa Kizimkazi Dimbani wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Ni watoto wangapi wa Makunduchi wamepelekwa kuusoma mwaka ule kwa macho yao?

Kuna pahala pamoja pa mjini panaloulizwa sana, napo ni Mkunazini, ulipokuwa mnada wa watumwa hadi ulipofungwa mwaka 1873 katika enzi ya Sayyid Barghash. Juu ya kiwanja kile limejengwa kanisa la Anglikana, na wazee wengine hawataki watoto waende kwa sababu hiyo. Kuingia kanisani wanavyuoni wamekhitilafiana. Wapo waliokataza, wapo waliochukia kwa ajili ya picha na masanamu, na wapo walioruhusu. Bukhari ametaja kwamba Sayyidna Umar (r.a) alijizuia kwa sababu ya picha, na kwamba Ibn Abbas (r.a) alikuwa akiswali ndani ya kanisa isipokuwa lenye masanamu. Lakini somo la historia halimlazimishi mtoto kuingia ndani ya kanisa. Vile vyumba vya chini wanavyooneshwa wageni viko katika jengo la pembeni, na lile shimo la kumbukumbu lenye sura za watu waliofungwa minyororo liko uwanjani. Mzazi asiyetaka mwanawe aingie kanisani aheshimiwe, mtoto abaki nje na mwalimu, basi.

Ninalolitaka zaidi ni kwamba anayewapeleka asiwafiche ukweli. Wengi katika wafanyabiashara wale walikuwa Waislamu. Mtoto atalijua hilo siku moja, na ni bora alijue kwa mwalimu wake Muislamu pamoja na hukumu yake: katika Hadithi Qudsi iliyopokewa na Bukhari, anayemuuza mtu huru akala thamani yake ni mmoja wa watu watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Watu waliotekwa Manyema na pembezoni mwa ziwa Nyasa walikuwa watu huru. Jina la mfanyabiashara halikuihalalisha biashara yake.

Baada ya pesa, amana kubwa zaidi ni mtoto mwenyewe. Sisi watu wa visiwa hatuna udhuru wa kusahau. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Haukutimia mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Na bara, tarehe 6 Mei 2017, basi dogo lililochukua watoto wa skuli ya msingi waliokuwa wakienda kufanya mtihani skuli nyengine lilitumbukia korongoni Karatu, wakafariki watoto 32, walimu wawili na dereva. Allah awarehemu wote.

Baada ya kila msiba tunasema ni kadari, na ni kadari kweli. Lakini Sayyidna Umar (r.a) alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, alirudi, na alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah alijibu kuwa anaikimbia kwenda kwenye kadari ya Allah vilevile. Mwalimu anayeitazama boti ya kwenda Changuu akaona imejaa, au jaketi za uokozi ni kumi na watoto ni ishirini na tano, na akasema hatupandi, huyo ameshika mwenendo wa Umar, hata kama watoto watalia na kobe hawatawaona siku ile. Kobe wale wamekaa pale tangu walipoletwa kutoka Seychelles mwaka 1919. Watakuwepo na wiki ijayo. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari ina hasira, na ziara ya bahari iwekwe kaskazi.

Wazee hupewa karatasi watie saini kuwa skuli haitahusika na lolote litakalotokea. Karatasi hiyo ina thamani gani kisheria? Mwenye kuwekewa amana hadhamini kinachoharibika mkononi mwake bila ya uzembe wala kuvuka mpaka. Akizembea anadhamini, na saini ya mzazi haihalalishi uzembe. Mzazi ameridhia mtoto apande gari. Hakuridhia gari ya viti 28 ipakiwe watoto 45, wala dereva aliyekesha, wala kuondoka Paje bila kuhesabu vichwa. Kuhesabu kwenyewe ni dakika mbili: wakati wa kutoka skuli, wakati wa kushuka, wakati wa kupanda, na kila walipoteremka njiani.

Na kama skuli inatafuta shughuli ya ziada yenye faida, iwafundishe kuogelea. Katika riwaya ya An-Nasai kujifunza kuogelea kumetajwa miongoni mwa mambo yasiyohesabiwa kuwa upuuzi. Tumezungukwa na bahari pande zote, na watoto wetu, wasichana hasa, wengi hawajui hata kuelea. Kule Nungwi wasichana wamekuwa wakifundishwa na wanawake wenzao wakiwa wamevaa nguo za stara, kwa hiyo asiseme mtu kuwa haiwezekani.

Kuhusu Swala, gari ikiondoka saa moja asubuhi na kurudi saa kumi, Adhuhuri itawakuta njiani au huko huko. Isemwe kwenye ratiba kama kinavyosemwa chakula. Katika madhehebu ya Imam Shafi umbali wa kupunguza ni kiasi cha kilomita 80 na kidogo, na hapana pahala Unguja panapofika masafa hayo kutoka mjini: Jozani ni kama 35, na Nungwi haifiki 60. Wataswali kamili na kwa wakati wake, bila kukusanya. Anayekwenda Pemba kwa meli yeye anapunguza. Watoto wengi wa msingi hawajabaleghe, lakini Mtume (S.A.W) ameamrisha waamrishwe Swala tangu miaka saba, na darasa la sita wapo waliokwisha kuwa wakubwa. Muziki wa spika unaofungwa kwenye gari hauhitaji maelezo marefu. Mwalimu ana mamlaka ya kuuzima, auzime, wawaachie watoto waimbe kasida zao na vitendawili.

Kuhusu yule binti wa darasa la sita anayetakiwa kulala Bagamoyo, ikiwa amebaleghe basi yeye ni mwanamke katika hukumu hii, na hadithi za kumkataza mwanamke kusafiri bila ya maharimu ni sahihi. Baadhi zimetaja siku tatu, baadhi siku mbili, na baadhi mchana na usiku. Wanavyuoni wa Kishafi waliruhusu kundi la wanawake waaminifu katika Hija ya faradhi. Ama safari isiyo ya wajibu, kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kuwa hairuhusiwi, na wapo wanavyuoni wengine walioruhusu panapokuwa na amani na wenzake wa kuaminika. Ikiwa hajabaleghe, jambo liko kwa walii wake: anawajua walimu wa kike wanaokwenda? Anaijua nyumba watakayolala, na wavulana watalala wapi? Baba asiyeridhika na majibu ana haki ya kukataa, hapati dhambi, na skuli haina haki ya kumpunguzia binti alama wala kumsema darasani.

Na mimi nikiulizwa na kamati, nawaambia mtoto wa msingi hana haja ya kuvushwa bahari akalazwe ugenini ili aone magofu ya Kaole. Magofu yako Unguja Ukuu na yako Tumbatu, na jioni atalala kwao.

Wallahu A'alam.